Upana wa Mnyororo Mmoja: Barabara na Wasafiri katika Fasihi ya Nyanda za Kanada

Makala haya yalianza kama matembezi. Julai moja, baada ya kongamano la fasihi mjini Winnipeg, mwenyeji wangu, ambaye pia ni mhadhiri, alijitolea kunifikisha Calgary kwa gari lake badala ya kuniacha nipande ndege. Ni mwendo wa takriban kilomita 1,300 kuelekea magharibi, karibu wote katika ardhi iliyo bapa kama sinia. Tulipita Portage la Prairie, Brandon, Regina, Moose Jaw, Swift Current na Medicine Hat. Kanola ilikuwa imechanua manjano pande zote mbili za barabara. Mashamba ya kitani, yenye maua ya samawati, yalionekana kwa mbali kama maji, nami zaidi ya mara moja nilidhani nimeona ziwa. Treni za nafaka zilikwenda sambamba nasi kwa muda mrefu hata nikaacha kuyahesabu mabehewa. Saa tatu usiku mwanga ulikuwa bado upo, na mawingu yalisimama mbele yetu kwa ukubwa ambao mtu aliyekulia chini ya miembe na minazi hajauzoea, kwani kwetu mbingu huonekana vipande vipande. Nakiri kuwa nilifurahi. Msomaji asije akadhani kuwa hoja zitakazofuata ni za mtu aliyeudhika njiani.

Siku ya pili tuliiacha barabara kuu tukashika njia za changarawe za wakulima. Njia hizi zimenyooka kana kwamba zimechorwa kwa rula, na hukutana kwa pembemraba kila baada ya maili moja au mbili. Kisha, mahali pasipokuwa na mto, kilima, nyumba wala mti, njia yetu ilipinda ghafla mkono wa kushoto, ikaenda hatua kadhaa, ikapinda tena na kuendelea kaskazini kama awali. Nilimwuliza mwenzangu njia imekwepa nini. Akajibu kuwa imekwepa umbo la dunia. Waliopima ardhi ile walitaka miraba iliyo sawa, lakini mistari inayoelekea kaskazini hukaribiana kadiri inavyoisogelea ncha ya dunia. Kwa hiyo kila baada ya maili 24 walilazimika kuisahihisha hesabu yao. Kona ile ndiyo masahihisho yenyewe.

Hapo ndipo nilipotambua kuwa kile nilichokuwa nikikitazama kwa siku mbili kama mandhari kilikuwa pia maandishi, na maandishi huwa na mwandishi. Hoja ninayonuia kuitetea hapa ni kuwa fasihi ya nyanda za Kanada imesomwa kwa muda mrefu mno kama fasihi ya mandhari na athari ya mandhari katika nafsi ya mtu. Usomaji huo una ukweli wake, ila unasahau kuuliza swali la awali: ni nani aliyemo ndani ya gari, na ni nani aliyesimama kando ya barabara likipita? Nitalifuatilia swali hili katika kazi za Gabrielle Roy, Margaret Laurence na Maria Campbell. Wote watatu ni wanawake, ingawa si kwa sababu hiyo nilipowateua.

Kwanza tulimalize suala la istilahi. Neno "prairie" ni la Kifaransa, na maana yake ya asili ni malisho au uwanja wa majani. Kulitafsiri si rahisi. "Mbuga" lingefaa, lakini siku hizi limetekwa na utalii. Ukilitaja tu, msomaji huanza kumngoja simba. "Nyika" ndilo linalovutia zaidi, na ndilo lenye hatari zaidi. Watu wa pwani waliiita nchi iliyokuwa nyuma ya miji yao nyika, na majirani zao Wamijikenda wakaitwa Wanyika, jina walilokuja kulikataa kwa sababu ya dharau iliyokuwamo. Nchi ikishaitwa nyika, wakazi wake huhesabiwa pamoja na vichaka. Kwa hiyo nimechagua "uwanda", na "nyanda" katika wingi, neno linalotaja umbo la ardhi bila kutoa hukumu iwapo ina wenyewe au haina.

Kiingereza nacho kilikuwa na nyika yake. Mwaka 1872 afisa wa jeshi la Uingereza, William Francis Butler, alichapisha The Great Lone Land, kitabu kinachosimulia safari yake ya 1870 na 1871 kutoka Red River hadi milima ya Rocky. Anwani hiyo inaitaja nchi kubwa iliyo pweke, nayo imerithiwa na vizazi vya waandishi wa safari ambao huenda hawajakifungua kitabu chenyewe. Tusisahau, hata hivyo, kazi iliyompeleka Butler huko. Pamoja na mambo mengine, alitumwa kuchunguza ugonjwa wa ndui uliokuwa ukiwateketeza wenyeji, akapewa na dawa za kugawa njiani. Upweke alioutia katika anwani yake ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, upweke wa mahame.

Sasa tuje kwenye mnyororo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1869, karibu na mahali ulipo mji wa Winnipeg, kikosi cha wapima ardhi wa serikali ya Kanada kilikuwa kikiuvuta mnyororo wake kupitia malisho ya mkulima aliyeitwa André Nault. Nault aliishi miongoni mwa Wametis, taifa lililochipuka kutokana na ndoa baina ya wanaume wa Kizungu wa biashara ya ngozi, hasa Wafaransa na Waskoti, na wanawake wa Kikrii na Kiojibwe. Mashamba yao yalikuwa membamba na marefu, kila moja likianzia ukingoni mwa mto, ili kila mwenye shamba apate maji, kuni na malisho. Miraba ya serikali ingeyakata vipande. Louis Riel alifika na wenzake, mmoja wao akaukanyaga mnyororo, na kazi ikasimama. Kutokana na tendo hilo yalifuata mapambano ambayo mwaka 1870 yalizaa mkoa wa Manitoba, pamoja na ahadi ya ekari milioni 1.4 kwa watoto wa Wametis. Utekelezaji wa ahadi hiyo ulivurugwa hivi kwamba mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kuwa serikali haikuitimiza kwa uaminifu uliostahili.

Upimaji wenyewe uliendelea kuanzia mwaka 1871. Ardhi iligawanywa katika miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukawa na vitalu 36 vya maili moja kwa moja, na kila kitalu cha ekari 640 kikakatwa robo nne. Chini ya sheria ya 1872 mlowezi aliweza kupata robo moja, yaani ekari 160, kwa ada ya dola kumi, mradi aishi hapo na kuilima. Baina ya vitalu uliachwa ukanda mwembamba usio wa mtu, uliotengwa kwa ajili ya barabara, ijengwe isijengwe. Katika mfumo uliotumika kuanzia mwaka 1881, ambao ndio uliopimia sehemu kubwa ya Saskatchewan na Alberta, ukanda huo ulikuwa na upana wa futi 66. Futi 66 ndio urefu wa mnyororo wa mpima ardhi. Naomba msomaji akiweke akilini kipimo hiki, maana tutakirudia.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa wanahistoria wameyaandika kwa kina. Nchi tuliyoipita katika safari yetu ilitolewa kwa mikataba iliyotiwa saini baina ya 1871 na 1877. Kufikia mwaka 1879 baisani, wale nyati waliokuwa chakula, nguo na hema za wenyeji, walikuwa wamekwisha karibu wote upande wa Kanada. Mnamo 1882 na 1883 serikali ilizuia chakula kwa watu wenye njaa waliokuwa wamekusanyika katika vilima vya Cypress, kusini mwa mji mdogo wa Maple Creek tulikosimama kunywa kahawa, ili waondoke na kwenda kwenye rizavu walizotengewa kaskazini na mashariki. Reli ilikuwa inakuja. Mei 1885 Wametis walishindwa vitani Batoche. Msumari wa mwisho wa reli ya kuvuka nchi uligongwa tarehe 7 Novemba mwaka huo, na siku tisa baadaye Riel akanyongwa mjini Regina.

Jambo moja la mwaka 1885 ndilo linalohusu mada yetu moja kwa moja. Baada ya vita hivyo, mtu wa rizavu aliyetaka kutoka, hata kwa kwenda kumwona mwanawe shuleni au kuuza kuni mjini, alitakiwa awe na kibali cha maandishi kutoka kwa wakala wa serikali. Utaratibu huu uliendelea kwa miongo kadhaa. Msomaji wa Kenya atakikumbuka kipande, ambacho babu zetu walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Tofauti iliyopo haiwapendezeshi wakoloni wa upande wowote: kipande kilikuwa na sheria mbovu nyuma yake, ilhali kile kibali cha nyanda hakikuwa na sheria yoyote. Kwa hiyo, katika kipindi kile kile ambapo mabango ya reli yaliwaita watu wa Ulaya waje waone upeo usio na mwisho, waliozaliwa chini ya upeo huo hawakuruhusiwa kuufuata bila karatasi. Sheria ya kujenga barabara kuu ya kuvuka Kanada ilipitishwa mwaka 1949, Saskatchewan ikakamilisha sehemu yake mwaka 1957, na barabara yote ikafunguliwa rasmi mwaka 1962. Wenyeji wa rizavu walikuwa wamepata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, bila kulazimika kuukana utambulisho wao wa kisheria, miaka miwili tu kabla ya ufunguzi huo.

Wahakiki wamefanya nini na historia hii? Mwaka 1968 Henry Kreisel alichapisha insha yenye anwani "The Prairie: A State of Mind", ambamo alishikilia kuwa mjadala wowote wa fasihi ya nyanda sharti uanze na athari ya mandhari katika akili. Kreisel alistahili kusikilizwa. Alikuwa Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi, na alijua maana ya kutupwa mahali pasipo na kumbukumbu zako. Usomaji wake ulifaa sana kwa riwaya kama As For Me and My House (1941) ya Sinclair Ross, ambamo mke wa mchungaji huandika shajara mjini Horizon huku vumbi la ukame likiingia kupitia nyufa za nyumba. Lakini kile kinachoitwa akili katika insha hiyo ni akili ya mgeni aliyefika jana. Mandhari humshtua kwa kuwa hayajui. Je, akili ya mtu ambaye nyanya ya nyanya yake alizikwa pale nayo hushtuka? Mhakiki akianzia kwenye mshtuko, tayari amekwisha kuchagua msimulizi.

Gabrielle Roy anatufikisha mbali zaidi. Alizaliwa mwaka 1909 huko Saint-Boniface, ng'ambo ya mto kutoka Winnipeg, katika familia ya Wafaransa waliohamia kutoka Quebec. Kitabu chake La Route d'Altamont (1966) kina hadithi nne zinazosimuliwa na Christine. Katika ile inayohusu kuhama nyumba, Christine bado ni mtoto. Ameshiba masimulizi ya mamake kuhusu msafara wa zamani, walipovuka nyanda kwa gari la farasi wakiwa wamejaa matumaini, naye anatamani kuonja safari kama ile. Basi siku moja anapanda mkokoteni wa baba ya rafiki yake, mtu ambaye kazi yake ni kuwahamisha maskini kutoka nyumba moja hadi nyingine. Safari anayoiona ni ya familia inayotoka kwenye kibanda kibovu ikienda kwenye kibovu zaidi, vyombo vyao vikionekana na kila mpita njia. Anarudi nyumbani akiwa amekata tamaa. Roy hatoi hotuba yoyote. Ameuweka tu msafara wa sifa kando ya msafara wa dhiki, juu ya magurudumu yale yale, na kumwachia mtoto kazi ya kuona tofauti.

Hadithi ya mwisho, iliyokipa kitabu anwani yake, ndiyo safari ya gari hasa. Christine, sasa mtu mzima, anamwendesha mamake mzee kwenda kuwaona jamaa. Kwenye makutano ya njia za wapima ardhi, mahali ambapo kila njia inafanana na nyingine na hakuna kibao, anashika moja kwa kubahatisha. Mara vinatokea vilima. Mama, ambaye maisha yake yote amevililia vilima vya utoto wake Quebec, anashuka garini na kupanda peke yake hadi juu, kama msichana. Wahakiki wengi wameifasiri sehemu hii kwa misingi ya kumbukumbu na uzee, na sina ugomvi nao. Ninachotaka kukisisitiza ni namna vilima vinavyopatikana. Ramani ya miraba haiwafikishi pale. Wanafika kwa kuipotea. Roy aliitambua kona ile niliyoishangaa mimi, yaani ile nafasi ndogo ambamo hesabu haikulingana na ardhi, akaijaza furaha ya mama mmoja. Hata hivyo, vilima vya Pembina havikuwa vikimngoja mwanamke wa Quebec. Vilikuwa na watu kabla ya masimulizi ya familia yake, na watu hao hawana sauti katika hadithi. Kumbukumbu ya mhamiaji imepata kilima cha kusimamia kwa kuwa kumbukumbu nyingine imeshushwa.

Kwa Margaret Laurence tunafika mahali ambapo fasihi hii inagusana na yetu bila kulazimishwa. Laurence, aliyezaliwa Neepawa, Manitoba, mwaka 1926, anajulikana zaidi kwa vitabu vyake kuhusu mji wa kubuni wa Manawaka. Kitabu chake cha kwanza, hata hivyo, kilichapishwa Nairobi. Kinaitwa A Tree for Poverty (1954), nacho ni mkusanyiko wa tafsiri za mashairi na hadithi za Kisomali, kilichotolewa na Eagle Press. Laurence alikuwa ameandamana na mumewe, mhandisi aliyekuwa akichimba mabwawa ya maji katika uwanda wa Haud, na tafsiri hizo alizifanya kwa msaada wa Musa Galaal na B. W. Andrzejewski. Hapo alikutana na watu ambao nchi yao ilionekana tupu kwa kila mgeni apitaye kwa gari, ilhali mashairi yao yalikuwa yameitaja kila kisima, kila mvua na kila ngamia. Ni maoni yangu kuwa sikio lililomwezesha kuisikia Manitoba upya lilifunguliwa huko. Idara zetu zinazofundisha fasihi simulizi zingefanya vyema kukitafuta kitabu hiki katika maktaba zetu, kwa kuwa ni mtoto wa Nairobi aliyesahauliwa.

Hadithi yake "The Loons", iliyomo katika A Bird in the House (1970), ni kielelezo bora cha ninachokiita mtazamo wa garini. Vanessa, msichana wa miaka kumi na mmoja, anakwenda ziwani na familia yake kwa likizo ya majira ya joto. Baba yake, ambaye ni daktari, amemchukua pia Piquette Tonnerre, msichana wa Kimetis mwenye kifua kikuu cha mfupa. Vanessa amesoma mashairi kuhusu wenyeji wa misitu, kwa hiyo anamngojea Piquette amfichulie siri za ndege na wanyama. Piquette hana siri yoyote ya kumpa, na anamkatiza kwa ukali. Mtoto anayetazamwa kama sehemu ya mandhari anakataa kuwa mandhari. Miaka baadaye Piquette anakufa katika moto pamoja na watoto wake, na Vanessa anaporudi ziwani anakuta limebadilishwa jina. Limepewa jina la Kihindi, kwa kuwa jina la namna hiyo huwavutia zaidi watalii. Jina la watu limerudi ziwani baada ya watu kuondoka. Sijui kejeli iliyo kali kuliko hii katika fasihi yote ya nyanda, nayo imeelezwa kwa sentensi moja isiyopandisha sauti.

The Diviners (1974) inalipa sehemu ya deni. Humo Christie, mzoa taka wa mji, anamsimulia Morag visa vya mashujaa wa Kiskoti, na Jules Tonnerre anamsimulia visa vya upande wa Wametis, vita vile vile vikiwa na washindi wengine. Masimulizi mawili yanapingana, na riwaya inakataa kumteua hakimu. Anayeijua historia ya tendi zetu, zinazobadilika kutoka mji hadi mji, atajisikia nyumbani. Hata hivyo, Jules anasikika tu kupitia kwa Morag. Gari bado ni lake.

Maria Campbell ndiye anayetutoa garini. Alizaliwa mwaka 1940 kaskazini mwa Saskatchewan, akachapisha tawasifu yake mwaka 1973 chini ya anwani Halfbreed, neno ambalo kwa Kiswahili halina budi kuwa "chotara", na uchungu wake wote. Anaeleza kuwa baada ya kushindwa mwaka 1885, familia nyingi zilikimbilia maeneo ya msituni. Ardhi hiyo nayo ilipopimwa na kufunguliwa kwa walowezi, baadhi yao walijaribu kuchukua viwanja kama wengine. Sheria ilidai walime ekari kadhaa katika muda maalumu, hawakuwa na plau, farasi wa kutosha wala fedha, wakanyang'anywa. Wakajenga vibanda katika pale mahali pekee palipokuwa bado hapana mwenyewe, yaani kwenye ukanda wa barabara. Wakaitwa watu wa ukanda huo, na wakajiita hivyo.

Tukirejee sasa kipimo chetu. Mnyororo uliokanyagwa mwaka 1869 ulikuwa na urefu wa futi 66. Nchi yote ilipokwisha kupimwa kwa mnyororo ule, mabaki ya vipimo yalikuwa ukanda wa futi 66, na ndani ya mabaki hayo wakaishi wajukuu wa waliokanyaga. Campbell mwenyewe hauweki mlinganisho huu, nami naomba ulaumiwe uhakiki wangu ukionekana umezidi. Lakini mamake babu yake, Cheechum, anayetawala kitabu chote kwa hekima na ukaidi wake, alikuwa wa ukoo wa Gabriel Dumont, kamanda wa Batoche. Basi umbali kati ya mnyororo na kibanda ni umbali wa kumbukumbu ya bibi mmoja.

Campbell pia ana safari yake ya majira ya joto. Familia kadhaa hufunga mikokoteni ya farasi na kuondoka pamoja kwenda kuchimba mizizi ya dawa na kuchuma matunda ya porini ya kuuza. Mchana ni kazi. Jioni ni moto, vicheko na hadithi za wazee. Ni kurasa zenye furaha kuliko zote kitabuni. Kisha msafara huingia mjini kuuza, na watoto huona wazazi wao wakibadilika chini ya macho ya wenye maduka: waliokuwa wakicheka barabarani sasa wanatembea wameinamisha vichwa. Mhakiki wa mandhari hatapata mengi ya kunukuu hapa. Campbell haelezi upeo wala mawingu. Mti ni kuni, tunda ni senti, mzizi ni unga wa wiki ijayo, na bado mapenzi yake kwa nchi ile hayana shaka, kwa kuwa anaijua kwa mikono. Huu ndio mtindo ninaoutaka tuutambue kuwa usawiri kamili wa uwanda, wala tusiuone kama upungufu wa maelezo.

Kitabu chenyewe kilipata kona yake. Kabla ya kuchapishwa, kurasa zilizosimulia jinsi mwandishi alivyobakwa na askari polisi akiwa msichana ziliondolewa bila ridhaa yake. Watafiti walizigundua katika nyaraka mwaka 2018, na toleo la 2019 likazirudisha. Kwa miaka 46, basi, wahakiki, tukiwemo sisi tuliokifundisha kutoka mbali, tulikuwa tukijadili muundo wa matini iliyokatwa. Baadhi yetu tuliusifu hata mwendo wake wa haraka.

Na vibanda? Ste. Madeleine, magharibi mwa Manitoba karibu na mpaka wa Saskatchewan, ulikuwa mji mdogo wa Wametis. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ardhi yake ilichukuliwa iwe malisho ya umma, chini ya mpango wa kuzinusuru nyanda dhidi ya mmomonyoko. Nyumba zilichomwa moto, mbwa wakapigwa risasi, na ambao kodi zao hazikuwa zimelipwa hawakupata fidia. Barabara kuu tuliyoifuata inapita kusini mwa hapo, nasi tuliipita tukisikiliza redio. Mwenyeji wangu, mtu mwema na msomi, hakunitajia. Nilipomwuliza baadaye kwa barua, alijibu kuwa naye alikuwa amelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka arobaini.

Mwaka 1995 Campbell alichapisha Stories of the Road Allowance People, hadithi za wazee alizozitafsiri katika Kiingereza cha kijijini kwao, chenye sarufi yake na mapigo yake. Muhula uliopita nilijaribu kusoma sehemu ya kitabu hicho na wanafunzi wa uzamili katika semina ya tafsiri. Anwani peke yake ilituchukua saa nzima. Neno la Kiingereza linaloutaja ule ukanda ndilo hilo hilo linalotumika kwa nyongeza ya mshahara, na mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliandika "watu wa marupurupu ya barabara". Tulicheka sana. Mwingine alipendekeza "akiba ya barabara". Kulikuwa na mwanafunzi mkubwa kiumri, mwalimu wa sekondari anayesoma wakati wa likizo, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tuanze. Akasema kuwa majirani zao walipofukuzwa msituni walikaa miaka sita kati ya lami na seng'enge ya shamba la mtu, na kuwa mahali hapo palikuwa na jina. Akaenda ubaoni akaandika: "watu wa rizavu ya barabara". Hakuna aliyetoa pendekezo jingine. Tulianza kubishana kuhusu lahaja ya kuwapa wazee wa Campbell, kama iwe Kiswahili cha bara kisichojali upatanisho wa ngeli, na kama mtahini atakubali. Kengele ilipolia tulikuwa bado katika ukurasa wa kwanza.